Mwalimu Phelista Nekesa na Uso Waliouchora Wanafunzi Wake

Marehemu Mwalimu Phelista Nekesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kule Misikhu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khisa.

Alisoma shule ya msingi na sekondari huko huko Misikhu, kisha akahitimu ualimu mwaka wa 1979. Alifundisha Kiminini miaka mingi, baadaye Bungoma mjini, hadi alipostaafu mwaka wa 2018. Zamani mwanafunzi alimheshimu mwalimu kwa kumpokea kikapu njiani, macho yakiwa chini. Hakuna aliyethubutu kumkodolea macho. Adabu hiyo imekwisha.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na mkulima Makokha Nyongesa, ambaye ndiye anayewasomea haya. Makokha hakuketi darasani; alijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Kila jioni alikuta mezani vitabu vya watoto wa watu vikingoja kusahihishwa. Sauti ya Mwalimu ilibaki shuleni. Nyumbani ulikuja uchovu.

Oktoba 2024 marehemu aliugua saratani ya ini, akalazwa Bungoma. Wanafunzi wake wa zamani, wakiongozwa na Gladwell wa Kitale, walimletea picha walizomchora kwa penseli na rangi. Katika zote anacheka, kichwa kimeinama upande, pengo la meno likionekana. Mumewe alizitazama moja moja, roho ikimuuma.

"Mama Viola, kicheko hiki ulikificha wapi miaka yote?"

"Si kilikuwa tu hapo nyumbani, Baba Viola. Hawa waliniangalia. Wewe ulikuwa unaangalia ng'ombe."

Kesho yake mumewe alichukua kipande cha makaa jikoni, akamchora nyuma ya kalenda, akampelekea. Marehemu aliigeuza picha huku na huku.

"Ati huyu ni mimi? Si huyu ni chifu, bana!"

Akacheka, kichwa kikainama upande, mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Kisha akaikunja, akaiweka chini ya mto. "Hii nitaenda nayo."

Aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, Makokha, watoto, Viola na Khisa, wajukuu watano, na wanafunzi wengi, ambao picha zao zimelizunguka jeneza tangu asubuhi. Zitazameni mpendavyo. Ile ya makaa imo ndani, chini ya mikono yake, na hakuna atakayeiona tena.

Mwalimu wa wengi, mke wa mmoja, na apumzike kwa amani.