Mshikaki wa Bi Mahlagha na Paa la Shule ya Deh-Zir

Bi Mahlagha Raeisi ameitumikia ofisi yetu ya mkoa kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu leo, tarehe 31 Shahrivar, siku ya mwisho ya kiangazi. Kesho shule zinafunguliwa. Naomba siku hizo mbili zikumbukwe pamoja.

Kazi yake ilikuwa kukadiria: ardhi ikitikisika, nyumba zipi zitaanguka, na watu wangapi watakuwamo. Sisi tulikadiria mezani. Yeye alipanda mapaa na kuchomeka mshikaki wa chuma kwenye udongo. Vijiji vyetu kila vuli huongeza tabaka jipya la udongo ili mvua isivuje, na la zamani haliondolewi. Juu ya nyumba ya mzee mmoja, Mashdi Heydar, mshikaki wote ulizama.

“Mama mhandisi, umekuja kuchoma nyama juu ya nyumba yangu?” mzee aliuliza kutoka chini.

“Nimekuja kupima kaburi lako, Mashdi. Udongo unakutosha wewe na jirani zako.”

Mzee alitukana siku nzima, kisha akaushusha udongo wote na kuezeka bati. Tetemeko lililofuata lilibomoa ukuta mmoja tu. Yeye na mkewe walitoka na birika lao la chai. Tangu hapo hutuletea makomamanga kila mwaka.

Miaka minne iliyopita Bi Mahlagha alipima paa la shule ya wasichana ya Deh-Zir: sentimita sitini na tano za udongo juu ya watoto hamsini na wanane. Aliandika kwamba tetemeko kama lile, likija saa za masomo, litaua arobaini.

“Punguza hiyo namba, dada,” mkuu wetu wa idara alimwambia. “Utatisha watu bure.”

“Punguza udongo, bwana mkuu. Namba itapungua yenyewe.”

Ripoti ikafungiwa kabatini. Sisi wenzake tulijua, tukanyamaza, tukaendelea kula makomamanga. Ni aibu, na sitatafuta neno jepesi zaidi.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, alikataa zulia, akaomba mabeleshi ishirini. Yako mlangoni, na moja lina jina la mkuu. Mashdi ameleta ngazi. Mwalimu wa Deh-Zir amekubali kesho watoto wasomee uani. Lori la kutupeleka huko litaondoka keki ikiisha. Keki ni ndogo, nimehakikisha mwenyewe.

Bi Mahlagha, asante kwa kutokupunguza namba ile. Tunakutakia pumziko jema, nalo lianze udongo wa Deh-Zir ukishashushwa kwa mikono yetu.