Mama Zoila Toalombo Alipolegeza Mshipi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mama Zoila Toalombo anavua aproni nyeupe ya Ushirika wa Jibini wa Yanarumi baada ya kuivaa kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Luzmila Azogue, niliyefanya naye kazi chumba kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini, nimepewa jukumu la kuandika wasifu wake katika jarida letu hili. Nilipomwendea kumwomba ruhusa alinipa sharti moja tu.

"Uandike na habari ya kizazi changu," akasema. "Ukiandika jibini peke yake, huo utakuwa wasifu wa ng'ombe."

Basi wenye haya waanze na ukurasa wa mashairi ya watoto wa shule, wakishapata nguvu warudi hapa.

Mama Zoila alifika kwetu mtoto mmoja akiwa mgongoni na mwingine ameng'ang'ania sketi. Wakati huo ushirika ulikuwa chumba kimoja cha kuezekwa kwa nyasi na sufuria moja kubwa ya shaba. Alianza kwa kuosha madumu ya maziwa, akapanda akawa mkorogaji, akapanda tena mpaka akawa msimamizi wa chumba cha kukomazia, ambako jibini hukaa juu ya mbao kwa miezi na kila moja hugeuzwa kwa mkono. Humo ndani amewafukuza watu wengi kwa ajili ya viatu vyao. Meneja wetu Don Wilmer alifukuzwa mbele ya wageni wa kutoka Quito waliokuja na kamera. "Don Wilmer," Mama Zoila alimwambia, "wewe una cheo, matope yako hayana." Jibini lake liliposhinda kwenye maonyesho ya mkoa, mwamuzi alimuuliza siri yake ni nini. Alijibu, "Kunawa," akaenda zake kula.

Sasa tufike pale alipotaka tufike.

Alipojifungua mtoto wake wa tano alirudi kazini kabla ya arobaini kwisha. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, majani yalikuwa tele, na maziwa hayamngoji mzazi. Asubuhi moja alikuwa akishusha dumu kutoka mgongoni mwa punda, akahisi kitu kimeteremka ndani yake na kukaa mlangoni mwa mwili, kitu laini, ukubwa wa yai. Alidhani anakufa. Hakufa, akamalizia madumu yaliyobaki. Jioni alipokuwa anaoga alikirudisha ndani kwa vidole, na kesho yake kabla ya saa sita kilikuwa kimeshuka tena.

Hapa kwetu kila mtu anajua dawa ya kizazi kilichoshuka: kaza mshipi. Kila mwanamke wa Yanarumi ana mshipi wake mwekundu wa kufumwa, anaouzungusha kiunoni juu ya sketi, na kila mzazi hufungwa mkaja mpaka kupumua kunakuwa kwa kuomba. Mama mkwe wake, marehemu Mama Asunción, aliyekuwa mkunga wa nusu ya kijiji hiki, alimlaza ndani ya blanketi, akamtikisa huku na huku ili kizazi kirudi, kisha akamfunga kwa nguvu zake zote. "Kizazi ni kama mbuzi," alimwambia. "Usipomfunga, atatembea."

Mama Zoila akajifunga. Kiliposhuka zaidi, akakaza zaidi. Alivyozidi kukaza, ndivyo kilivyozidi kushuka, na asubuhi akawa anamwita binti yake amvutie upande wa pili wa mshipi. Sisi kazini tulikiona kiuno tu. Tulikuwa tunamtania, "Mama Zoila, umejifunga kama bibi harusi, tuambie basi, harusi lini?" Alikuwa anatabasamu kwa midomo, macho yakiwa kwingine.

Aliyaacha mambo mengi miaka ile, na hakuna aliyemuuliza. Aliacha kucheza ngoma ya Kanivali, yeye aliyekuwa anaanza wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Aliacha kunywa supu ya mchana, maana akikohoa au kucheka mkojo ulimtoka. Nyumbani, mumewe, Tayta Segundo, alihamishiwa jikoni kulala na simbilisi wa kufugwa bila kuambiwa kosa lake. Mzee wa watu alidhani amechokwa. Naye Mama Zoila aliogopa kwamba mumewe akijua atamwona kinyaa. Walipendana hivyo, kila mmoja upande wake wa ukuta, na mimi nikiyafikiria hayo roho inaniuma mpaka leo.

Kisha akaja Daktari Ximena Bravo kutoka zahanati ya mjini, binti mdogo wa kimo, kutupima wote shinikizo la damu. Nilikuwa nangoja zamu yangu nyuma ya Mama Zoila. Daktari alimwomba alegeze mshipi kidogo apumue vizuri. Mama Zoila akaanza kuufungua, akazungusha, akazungusha, na kabla hajafika mwisho machozi yalikuwa yanamtiririka. Daktari alifunga mlango. Mimi nilitaka kutoka, Mama Zoila akanishika mkono na hakuuachia, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mama, unajikaza hivi kwa nini?"

"Kisidondoke."

"Nini kisidondoke?"

Akamwambia. Miaka yote ile, na ilikuwa mara ya kwanza kwa maneno hayo kumtoka mbele ya mtu asiye mkwewe. Daktari alimchunguza taratibu, akanawa, kisha akamuuliza, "Maziwa yakishaganda mkayatia kwenye kitambaa, ukiminya kwa juu, maji yanatokea wapi?"

"Chini," akasema Mama Zoila, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akapiga paja. "Mungu wangu! Kumbe miaka yote hii nilikuwa najikamua!"

Tulicheka na kulia pamoja, daktari naye. Halafu akatueleza. Chini ya tumbo la mwanamke kuna misuli iliyotandazwa kama wavu, ndiyo inayobeba kizazi na kibofu. Uzazi mwingi na mizigo mizito huulegeza wavu huo. Si laana, si saratani, wala si uchafu, na wanawake wenye tatizo hilo ni wengi kuliko tunavyodhani. Kuna wanaoishi nalo bila kufanya lolote ila kujiangalia. Kuna wanaofanya mazoezi ya kukaza misuli ile. Kuna pete laini inayowekwa ndani ili kukizuia kizazi. Na kuna upasuaji, ama wa kukiinua na kukishikiza mahali pake, ama wa kukiondoa kabisa. Kwa jinsi chake kilivyoshuka, daktari alisema, yeye angependelea upasuaji, ila uamuzi si wake.

Mama Zoila alitaka kitu kimoja tu: afike siku yake ya kustaafu akiwa kwenye kazi anayoipenda, na mwili wake asiuguse mtu kwa kisu mpaka yeye mwenyewe aseme sasa. Alipowaambia wa nyumbani, kila mtu akawa na maoni juu ya jambo hilo. Binti yake Nelly alipanda basi kutoka Quito akiwa na jibu tayari.

"Mama, kitolewe tu! Kizazi kimeshamaliza kazi yake."

"Hata baba yako amemaliza kazi yake," Mama Zoila akamjibu, "mbona hatumtoi?"

Mama Asunción, wakati huo bado yu hai, alisema mwanamke asiye na kizazi ni gunia tupu. Dada yake mkubwa, Hortensia, alikumbusha kwamba yeye alipasuliwa na mwaka wa pili kikashuka kingine, kibofu safari hii. Mama Zoila alilipeleka hilo kwa daktari, na daktari hakumficha: wengi hupona, wengine hali hurudi. Tayta Segundo alisikiliza yote akiwa ameshika bakuli lake la supu ya viazi iliyokwisha kupoa. Ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa.

"Kumbe ni hilo?" akasema mwishowe. "Mimi nilidhani ni miguu yangu inanuka."

Akainuka, akalichukua blanketi lake kule kwenye simbilisi, akalirudisha chumbani bila kuomba kibali. Akiwa mlangoni akageuka. "Mwili ni wako, Zoila. Sema unavyotaka. Maji nitateka mimi."

Mama Zoila alichagua pete. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ikamtoka akiwa anavuna viazi nyuma ya ofisi. Kabla hajainama, mbwa wa Don Wilmer alikuwa ameshaidaka na kukimbia nayo uani, watu wote wakitazama. Don Wilmer alimnyang'anya mbwa, akaishika juu. "Hii ni nini?" "Mpira wa mashine ya kukamulia," akasema Mama Zoila, akaichukua na kuitia mfukoni. Don Wilmer alishinda mchana kutwa akikagua mashine. Don Wilmer, ukisoma hapa utusamehe, mashine ilikuwa nzima.

Ya pili ilikaa vizuri. Alifundishwa kuitoa, kuiosha kwa sabuni na maji na kuirudisha mwenyewe, na kwa kuosha tunamfahamu. Mshipi akawa anauvaa wa kulegea, kwa urembo tu. Mazoezi alituletea mpaka chumbani mwetu: unageuza jibini moja, unakaza huko chini kana kwamba unazuia mkojo, unashikilia, unaachia, unageuza lingine. Tulifanya wote, nyuso tumezikaza, hakuna anayesema. Siku moja mhasibu alifungua mlango, akatuona, akavua kofia na kurudi nyuma taratibu akidhani tunasali.

Kanivali ya mwaka ule Mama Zoila alicheza mpaka Tayta Segundo akaomba kukaa.

Lakini kazi yake kubwa kuliko jibini lolote aliifanya kwenye mkutano mkuu. Alisimama mbele ya wanachama wote, wanaume wamejaa viti vya mbele, akasema, "Kizazi changu kilishuka kwa sababu ya madumu haya. Sijui wangapi humu ndani kimewashuka pia. Nataka tubadilishe." Mmoja, simtaji kwa kuwa leo ni mkwe wangu, akapaza sauti: "Hayo mambo ya wanawake kazungumzieni jikoni!"

"Wewe ulitoka wapi," Mama Zoila akamuuliza, "sokoni?"

Ukumbi ukacheka. Tayta Segundo, mtu asiyesema mkutanoni hata akikanyagwa, alikwenda akasimama kando ya mkewe, kofia mkononi. Alisimama tu mpaka kura zilipopigwa. Tangu siku ile tuna madumu madogo, tuna mikokoteni ya magurudumu na njia ya saruji toka langoni, na hakuna mzazi anayeruhusiwa kurudi kazini kabla ya arobaini kwisha, hata majani yawe mengi namna gani. Wasichana mnaosukuma mikokoteni leo mkiimba, mjue ilitoka kwa nani.

Mwaka jana pete ilianza kumkwaruza. Ikamfanyia kidonda, daktari akaitoa, kizazi kikashuka kuliko zamani, na Mama Zoila akalazimika kuchagua upya akiwa na miaka sitini. Watu wanasema ameshindwa na pete. Hakushindwa. Pete imembeba kwa zaidi ya miaka kumi na imemfikisha karibu kabisa na alikotaka kufika. Amelipima jambo hili mwaka mzima. Amewafuata wanawake waliofanyiwa upasuaji, waliopona na wasiopona, akawauliza maswali ambayo wengine wetu hatuwezi kuwauliza hata dada zetu. Amemuuliza daktari kuhusu kukiinua na kuhusu kukiondoa, na kama atalala tena na mumewe bila maumivu. Mwezi uliopita akasema sasa.

Kitaondolewa, na wavu utashonwa. Amepangiwa Alhamisi ijayo. "Kimenizalia watoto watano," aliniambia tukigeuza jibini, "na mimi nimekibeba mpaka hapa. Tunastaafu pamoja, tuagane vizuri." Kisha akaligeuza tena jibini lile lile. Anaogopa. Aliniomba niliandike na hilo, kwamba anaogopa na bado anakwenda, ili asije mtu akasema Mama Zoila alikuwa jasiri kwa hiyo yeye hawezi.

Kwa desturi yetu mstaafu hupewa mtamba wa ng'ombe, na mtamba wake yupo, mwekundu, mkaidi kama mwenye mali. Ila Mama Zoila ameomba zawadi ya pili. Baada ya hospitali atakaa wiki nyingi bila kuinua hata birika, na anachoogopa kuliko kisu ni kukaa bure. Anasema mlango wake ni ule wa buluu nyuma ya kanisa, na Tayta Segundo ameagizwa kwamba akija mwanamke mwenye neno, yeye atoke akaangalie kondoo. Mwanamke yeyote aliyehisi kitu kimeshuka na akakaza mshipi akanyamaza, aende akamwambie. Hiyo ndiyo zawadi.

Mama Zoila, asante kwa jibini, kwa mikokoteni, kwa kutufukuza na matope yetu. Nenda salama, lala chali, kula unacholetewa, na Mungu akupe miaka mingi ya kucheza Kanivali na mzee wako. Jumapili ya kwanza nitakuja mimi na supu ya kuku. Mwambie Tayta Segundo awatoe kondoo mapema, maana siji kukujulia hali tu. Mshipi wangu mimi nimeukaza tangu mtoto wangu wa pili.