Plagi Zilizobaki Sandukuni

Sogeeni wanangu, nyote wawili, na mlango muuache wazi, kwa sababu nitakayosema leo si ya kufungiwa ndani. Kakuru, kaa upande huu ambao jicho langu bado linaona. Natukunda, niinulie mto, si huo, ule mwingine, haya, basi. Na huyu mama aliyekaa kwenye mkeka pale mlangoni mnamfahamu, ni Mukantabana, mjane wa Hategekimana aliyekuwa dereva wangu, na nimemwita mimi mwenyewe, kwa hiyo, Kakuru, acha kumtolea macho kana kwamba amekuja kutuibia. Padre alinipaka mafuta jana, akanisikiliza, akasema Mungu amesamehe. Lakini Mungu hakunyang'anywa kibanja, aliyenyang'anywa ni huyu.

Nianze na yaliyo mepesi, maana kifua hiki hakina ahadi. Ng'ombe mnawajua, sitawahesabu kwa sauti, kwetu hawahesabiwi. Bihogo na uzao wake wote ni wa Natukunda, na asije mtu wa ukoo akamwambia kwamba mwanamke hana fungu. Waliobaki ni wa Kakuru. Nyumba hii na migomba inayoizunguka ni yako, Kakuru, na uitunze vizuri ile migomba ya upande wa juu, imeanza kudhoofu kwa uvivu wako. Lakini kibanja cha kule mtoni, lile shamba lenye kahawa, ambacho umekwisha kuchimba msingi na kununua mabati, kile si chetu. Kinarudi kwa Mukantabana na watoto wake. Kaa chini! Nimesema kaa chini, mimi ni baba yako mpaka pumzi iishe. Utanigombeza nikishakufa, ila kwanza usikie kwa nini.

Mnakumbuka Landrova yangu. Niliipata baada ya vita, mzoga usio na milango, nikaufufua kwa mikono hii mpaka watu wa Kituntu wakawa wanakuja kuutazama. Ila milima yetu haikuwa na huruma nayo. Ikipakia kahawa ya kupeleka mbali ilikuwa inapanda kama mgonjwa. Basi nikafungua injini, nikaenda Bukoba na kile kifuniko chake cha juu, wakakikwangua kwa mashine, na nilipokirudisha, hewa na petroli zikawa zinabanwa ndani kuliko alivyokusudia aliyeiunda. Mama weee, gari lilipanda! Nilijiona sina mwenzangu Karagwe nzima.

Lakini injini ukishaibana hivyo haitaki tena plagi za kawaida. Plagi ya kawaida, sisi mafundi tunaiita ya moto, haipoi haraka. Ndani ya injini iliyobanwa ncha yake inakuwa kaa, inawasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda, mpaka inatoboka. Injini ile ilitaka plagi ya baridi, na nafasi ya kurukia cheche ifinywe iwe ndogo. Plagi nne za namna hiyo nilizipata kwa shida huko Murongo, kwa mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo ya mpaka, wakati hata sabuni haikuwepo madukani. Nikazifunga, nikazijaribu siku mbili, gari likaimba. Halafu nikazitoa.

Ndiyo, nilizitoa. Mnajua desturi ya nyumba zetu, vikombe vizuri vinakaa kabatini vikingoja mgeni, shuka jipya linakaa sandukuni mpaka mtu afe. Mimi nami nikazifuta mafuta, nikazifunga kwa kitambaa cheupe, nikaziweka sandukuni chini ya suruali yangu ya Jumapili, nikisema akiba haiozi, nitazitumia msimu wa kahawa. Nikarudisha zile za moto, nikawa nafinya nafasi zake kwa kipande cha wembe, nikijidanganya kwamba nafasi ikiwa ndogo, plagi ya moto itakuwa na tabia ya baridi. Nafasi haibadilishi tabia ya plagi, wanangu. Fundi wa mwezi mmoja analijua hilo, nami nilikuwa fundi wa miaka ishirini.

Ikaja Machi ya mwaka wa themanini na nne. Dada yenu Kokubanza alikuwa amerudi hapa Nyakakika kujifungua, uchungu ukamshika alfajiri, na kulipokucha mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Majirani wakafika na engozi yao, ile machela ya kijiji, wanaume wanane, mabega tayari. Wangembeba kwa njia ya mkato ya bondeni, na kabla ya saa saba angekuwa mikononi mwa madaktari. Niliwarudisha. Niliwaambia kwa dharau, mtu mwenye gari abebewe mwanawe kama ndizi? Walinitazama, wakaondoka.

Hategekimana alifungua boneti, akachungulia, akaniambia taratibu, "Mzee, hizi ni plagi zile za zamani. Mlima wa leo ni mrefu, na tuna mgonjwa. Tuweke zile nzuri, ni kazi ya dakika chache." Nami nikamwambia nini? Nilimwambia, "Wewe kazi yako usukani. Fundi hapa ni mimi. Mtu uliyekuja kutafuta vibarua, leo unifundishe injini?" Akafunga boneti. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, waliosema hivyo walinisema mimi.

Natukunda, nipe maji. Kidogo tu.

Tulifika katikati ya mlima mvua ikinyesha. Injini ikaanza kugonga kama debe linalopigwa nyundo. Hategekimana akataka kusimama ipoe, nikamwambia kanyaga, tuko karibu. Akakanyaga. Moshi wa bluu ukatoka, ikapiga mara moja kwa nguvu, ikafa. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Mama yenu Pulkeria alikuwa nyuma amempakata Kokubanza chini ya turubai, akawa ananiita, "Projestus, fanya kitu! Projestus!" Hategekimana akakimbia kwa miguu kuwaita watu wa engozi. Waliporudi, dada yenu alikuwa amekwisha kukata roho, na mtoto wake tumboni. Nilimwona akifa, wanangu. Alinishika mkono akaniuliza kama tunakaribia kufika, nami nikamwambia ndiyo.

Sasa sikilizeni uovu wenyewe, maana hayo ya kwanza yalikuwa kiburi tu. Wazee walipoketi baada ya matanga kuuliza gari lilipatwa na nini, niliogopa. Niliogopa macho ya mama yenu. Nikatoa zile plagi zilizoungua, nikaziweka mbele yao, nikasema: mnajua nilinunua plagi nzuri, wote niliwaringia, basi dereva wangu amezibadilisha, zile nzuri amekwenda kuziuza Murongo. Waliniamini mara moja. Hategekimana alikuwa anapita Murongo kila wiki, na tena wazazi wake walitoka Rwanda, na mtu wa namna hiyo, hata azaliwe hapa, hata tusali naye kanisa moja, siku ya lawama anaambiwa ametoka mbali. Nililijua hilo nilipofungua mdomo. Ndiyo maana niliufungua.

Wakampa nafasi ya kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kumkana, nimepanga na maneno. Akasimama, akatazama upande waliokaa wanawake, akasema, "Mimi sikuuza kitu." Akakaa. Hakutaja maneno ya asubuhi ile, hakuwaambia wakanipekue sanduku, na mpaka leo sijui kwa nini. Basi wakahukumu kibanja chake kiwe fidia ya mwanangu. Alihamia Murongo kubeba mizigo ya watu mpakani, mwaka wa tatu kifua kikamuua, na huyu mkewe akabaki kulima migomba ya wengine kwa kutwa, miaka yote hii, akipita mbele ya kahawa aliyoipanda yeye. Na mimi nilikuwa nainywa, wanangu. Mama yenu alikufa akimlaani Hategekimana, nami nikiitikia amina.

Plagi bado zipo. Natukunda, utazikuta chini ya sanduku, kitambaa kimekuwa cha manjano. Wapelekee wazee waliobaki, wazione kwa macho yao, wasije wakasema homa ndiyo iliyoongea. Kakuru, mabati yako utayaondoa utakapopenda, lakini mipaka mkaioneshe kesho asubuhi, mbele ya mwenyekiti na majirani. Jumapili mmoja wenu asimame kanisani ayaseme haya yote, na jina langu alitaje. Msinizike karibu na Kokubanza. Sistahili.

Mama Mukantabana, siombi msamaha, sina uso huo. Unasemaje? Sogea, sikio hili limekwisha... Natukunda, anasema nini? Sema wewe, nisikie.

Anasema mumewe alizijua zile plagi. Anasema alijua ziko sandukuni. Wanawe walimlilia aseme, na huyu mkewe mwenyewe alimlilia. Na akajibu... rudia hapo, mwanangu, taratibu. Akajibu kwamba Pulkeria amekaa pale na kaniki ya msiba, mama aliyefiwa na mwanawe mikononi, na akiambiwa kwamba aliyemuua binti ni baba yake mwenyewe atalala wapi usiku? Ndiyo maana alinyamaza.

Yesu wangu. Kumbe alikuwa anamtazama Pulkeria. Mimi nilidhani ananiogopa. Miaka tisa nilidhani yule mtu ananiogopa.

Anasimama. Mwacheni aende, msimshike mkono, msimlazimishe kula. Kakuru... Kakuru mwanangu, unalia? Haya, inuka, msindikize, mchukulie mkeka wake, mwite mama. Mungu awape... awape macho ya kuona mtu akiwa bado hai. Awape ulimi mwepesi kusema nimekosa. Natukunda, usiniinue tena. Mfuate kaka yako, yule mama asipite peke yake pale kwenye kahawa.