Radi na Mdogo Wake Mbele ya Injini Moja

Marehemu, ambaye wote mliokusanyika hapa mlimwita Radi, alishatuonya kwamba atakayemsoma kama malaika siku ya kuzikwa kwake, atafufuka amrudie. Basi tunamsoma alivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, wa kwanza kati ya wana wawili, katika nyumba hiihii mlimomtoa leo. Shule aliimaliza kwa mbinde. Darasa la saba alimvunja kiranja pua, akafukuzwa, na baba yake akamrudisha kwa fimbo njia nzima. Kisha akaingia karakana ya matrekta, akazeekea huko. Siku moja hendeli ya kuwashia injini ilimrudi ikamvunja mkono. Kabla hajapelekwa hospitali, aliichukua nyundo kwa mkono mzima akaitwanga ile hendeli mpaka ikapinda.

Mwaka 1984 alimwoa mkewe, ambaye hakuwahi kupigwa, na si kwa upole wa marehemu. Mara ya kwanza alipomnyanyulia mkono, bibie aliinua sufuria ya maji yanayochemka, akamwuliza kwa adabu angependa yamwagikie wapi. Tangu hapo vita vyake vyote vikawa vya nje.

Vita vikubwa vilikuwa na mdogo wake, fundi wa kuchomelea. Baba yao alifariki akaacha trekta kuukuu bila kusema ni la nani. Marehemu akasema ni la mkubwa. Mdogo akasema ni la wote wawili, akajibiwa kwa spana, na meno yake matatu ya mbele yakabaki kwenye sakafu ya banda. Naye hakuwa mnyonge. Alirudi na nyundo ya kuvunjia mawe, akaipasua injini ubavuni. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwetu hata jembe halikubaki.

Hawakusemezana tena. Mwaka jana moyo ulipoanza kumsumbua, marehemu aliapa hatakufa akaacha trekta bovu. Aliishusha injini uani, akaifungua yote, akabadilisha pistoni na ringi. Lakini ule ufa ubavuni ulitaka mchomeleaji hodari, na hodari alikuwa mmoja tu. Mkewe ndiye aliyekwenda kumwangukia shemeji yake. Alikuja, ila kununa hakukuisha. Marehemu alifanya kazi asubuhi, mdogo wake mchana, na lililohitaji kusemwa lilibebwa na mkewe huku na huku.

Siku ya kuiwasha, mkewe alikuwa amekwenda sokoni. Marehemu alijaza oili. Mdogo alipofika, hakuuliza, naye akajaza. Hakuna aliyepima, maana kila mmoja alijua kazi yake.

Injini iliwaka, ikanguruma, kisha ikapandwa na kichaa. Oili ilikuwa imezidi maradufu, nayo injini ikawa inaikunywa na kuichoma kama mafuta, hivyo kukata dizeli hakukusaidia kitu. Moshi ulijaa ua, boliti zikaanza kufyatuka, na mdogo wake alikuwa ameinama ubavuni palepale alipochomelea. Marehemu alimpiga teke la kifua lililomrusha hadi ukutani, akachukua ubao, akauziba mdomo wa kuvutia hewa, akaulalia kwa mwili wote. Injini ilikuwa inakata roho iliporusha chuma kupitia ubavu uleule, kikamchana paja hadi mfupani.

Hospitalini damu nyingi ilikuwa imeshapotea, na moyo wake haukuwa na nguvu ya kungoja. Mdogo wake aliketi kando ya kitanda huku akikishika kifua chake kilichoumia.

"Imezima?" marehemu aliuliza.

"Imezima, kaka."

Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu yale meno. Marehemu alimtazama sana mdomo, machozi yakamtoka bila kujificha.

"Siku nyingine niulize kuhusu oili."

"Nitakuuliza."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, mkono wa mdogo wake ukiwa ndani ya wake, na ilibidi wauguzi wausaidie kutoka.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne, trekta la wote wawili, na mdogo wake mwenye mbavu mbili zilizovunjika, ambaye asingekuwepo hapa leo kama si lile teke.

Apumzike kwa amani, jambo ambalo hakulijaribu hata siku moja alipokuwa nasi.