Aliyesikiliza Hadi Mlangoni

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa injini na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1967, na Desemba 1979 akahitimu udaktari.

Wenzake wakawa mabingwa wa moyo na mifupa. Yeye alibaki hospitali ya wilaya, wakamtania kuwa ni bingwa wa mafua. Mwaka 1991 alianzisha mafunzo ya madaktari wa familia kwa wanafunzi wanne, katika stoo ya mashuka iliyokuwa bado inanuka sabuni. Kila mwanafunzi alikaa kwanza kwenye kiti cha mgonjwa, kisha akaambiwa: "Usifunge faili mgonjwa akiinuka. La maana atalisema ameshika kitasa." Walicheka, mpaka siku mzee mmoja aliyeletwa na maumivu ya goti alipogeuka mlangoni, akasema: "Halafu daktari, siku hizi natapika damu. Lakini si kitu." Mzee huyo alitibiwa, akapona. Goti lilisahaulika kabisa, na mwalimu akabaki na jina la Mzee Kitasa.

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekuwa akimkosoa mwandiko mbele ya wagonjwa. Walijaliwa watoto watatu. Binti wa kwanza alipita katika stoo ile ile, akahitimu udaktari wa familia mwaka 2014.

Hakuugua muda mrefu. Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, binti huyo alipita kumsalimia. Alimpima presha, wakanywa chai, akachukua mkoba wake. Marehemu alimsindikiza, akashika kitasa.

"Halafu mwanangu, kifua hiki kinanibana kidogo tangu juzi."

"Nimechelewa, Baba. Jumanne nakuja kukupima vizuri."

"Haya, nenda. Wagonjwa wanakungoja."

Alifariki Jumanne hiyo saa tatu asubuhi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Binti ndiye aliyeandika wasifu huu, na ndiye anayeusoma. Tangu siku hiyo amepanga viti, amejibu simu, amechagua picha. Hajalia bado. Alifundishwa, na hakusikiliza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na madaktari wa familia mia moja na kumi na wawili, wengi wao wamesimama hapa nyuma.

Mungu ampokee, wala asimharakishe mlangoni.