Shikamoo Kabla ya Upanga

Asiyesikia la mkuu hufika Nangurukuru na miguu yake yote miwili. Ndivyo Brigita alivyojisemea ndani ya basi la kutoka Kipatimu, huku mzee wa kiti cha mbele akimsema kwa jirani yake bila kumjua.

“Kuna binti anatafsiri filamu kwenye banda la video la Abilahi,” mzee alilalamika. “Shujaa wa Kikorea anaongea Kimatumbi! Kabla ya kumkata adui, anamwamkia shikamoo! Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, leo Kiswahili kiwekwe kando? Nimemwambia Abilahi, binti aniombe radhi, la sivyo amnyang'anye maikrofoni. Amekubali.”

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Brigita.

“Marahaba.” Mzee aligeuka ghafla. “Sauti hii! Kumbe ni wewe!”

“Ni mimi. Yule adui ana mvi, mwalimu. Shujaa amkate mtu mzima bila hata salamu?”

Basi zima lilicheka. Mwalimu alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

“Kiswahili kina kosa gani, binti yangu?”

“Hakina. Nakipenda. Ila bibi yangu anajua Kimatumbi tu; miaka yote alitazama midomo. Siku hizi analia panapoliliwa.”

Basi lilisimama Nangurukuru. Mwalimu alitoa simu. “Nampigia Abilahi. Sema samahani tu, kazi ibaki yako.”

Brigita alijitupia mkoba begani. “Mpigie. Maikrofoni ni yake, lakini simu ya kurekodia ni yangu, na sauti ni yangu. Radhi siombi.”