Janti Moja Haikuimba

Bwana asifiwe! Nawasalimu ninyi mliokaa mbele, na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mupate kutoka mapema. Leo musitoke. Nimekaa miezi minne bila mtu kunipa nafasi ya kusimama hapa, basi mtavumilia.

Mimi ni Mama Safi wa Mikelenge, yule anayekaanga mikate pembeni ya kwado, pale wanapoziba mipira ya pikipiki na magari. Mnanijua. Mlinijua hata siku ile mliyoniita mulozi, mchawi. Lakini huyo Safi ninayeitwa kwa jina lake, wengi wenu hamkumuona. Nitaanza na yeye, kwa sababu habari ya lile gari jekundu haikuanza na gari.

Ndugu zangu, wakati wa vita treni haikuwa inafika Kindu. Chumvi, sabuni, muhogo, hata wagonjwa, vyote vilipita juu ya baisikeli. Mume wangu alikuwa na baisikeli moja, na baisikeli hiyo njo ilitulisha, hiyo ndiyo iliyoleta unga nyumbani. Siku moja janti ya nyuma ikapinda, ile duara ya chuma inayovaa mpira. Akaenda kununua nyingine kwa mtu mmoja sokoni. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya arusi! Ilikuwa na alama ya kiwanda, imebandikwa vizuri. Watu wakaja kuitazama pale nyumbani.

Mimi sikusoma. Niliacha darasa la tatu. Lakini mama yangu alinifundisha kununua chungu. Mwanamke wa kwetu hanunui chungu kwa macho. Anakiinua, anakigonga kwa kidole au kwa kijiko, anasikiliza. Kizima kinaimba. Chenye ufa kinajibu kama mtu aliyezibwa mdomo. Basi nikaigonga ile janti. Huku ikaimba, huku ikaimba, pale ilipoungwa ikasema pu.

Nikamwambia mume wangu. Akacheka mbele ya majirani. "Mama Safi, sasa unataka kusonga bukari ndani ya janti?" Majirani wakacheka naye. Nami nikanyamaza, kwa sababu mwanamke haaibishi mume wake mbele ya watu. Hivyo njo nilivyofundishwa. Nikanyamaza!

Tulikuwa tumekimbilia shambani upande wa Kailo. Safi alikuwa na miaka sita. Akashikwa na homa kali, akaanza kutetemeka na kukakamaa. Baba yake akamfunga kwenye kitanda cha nyuma cha baisikeli, pale pa mizigo, kwa kitenge changu, mimi nikifuata kwa miguu, kwenda Kindu hospitalini. Njiani, mahali pa mawe, janti ikafunguka pale pale ilipoungwa. Ikajikunja kama karatasi. Baba yake akaitupa baisikeli porini, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia mpaka miguu ikatoka damu. Nyumba za Kindu hatujaziona, Safi akakata roho.

Watu walisema ni vita vimemuua. Mume wangu alisema ni vita. Mimi nami nilisema ni vita, miaka yote hii, mpaka mume wangu akafa nikiwa bado nasema hivyo. Vita vilikuwepo, ndiyo. Lakini mimi niliisikia ile janti. Niliisikia nikanyamaza ili watu wasinicheke. Hilo sikuwahi kulisema katika kanisa hili, na nimeimba katika kanisa hili zaidi ya miaka ishirini.

Sasa njooni kwenye gari.

Mnamjua ndugu Justin, shemasi wetu, mwenye maduka mawili. Mwaka huu alileta gari kwa treni, juu ya behewa. Gari la kukimbia, jekundu, milango miwili, tumbo lake chini kabisa, utafikiri linatafuta kitu kilichodondoka. Mji wote ulitoka kulitazama. Mimi niliuliza tu: litakimbilia wapi hapa kwetu, na mashimo haya? Wakasema koko, bibi mzee, ana wivu.

Mjukuu wangu Furaha alikuwa anaolewa. Mama yake, binti yangu, yuko Pangi anahangaika na machimbo, mimi njo nilimlea tangu ananyonya. Ndugu Justin akasema, kwa moyo mzuri, sikatai, kwamba bibi arusi atapanda gari lake. Furaha aliruka kwa furaha mpaka akamwaga unga wangu.

Lakini gari lilikuja na janti nyeusi za kawaida, nzito, hazina uzuri. Ndugu Justin akaagiza nyingine kwa ajili ya arusi. Zikafika kwa ndege. Nyeupe, vidole vinavyotoka katikati kwenda ukingoni vyembamba kama miguu ya buibui, na katikati alama ya kiwanda kikubwa. Muuzaji alimwambia ni kopi, lakini kopi inayofanana kabisa na yenyewe. Bei yake ilikuwa chini sana, na hapo mtu mwenye akili angejiuliza.

Ijumaa, siku moja kabla ya arusi, janti zile zilikuwa zimelazwa chini pale kwado, bado hazijavaa mpira. Mzee Ramazani, mwenye kwado, alikuwa amekwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Tulikuwa mimi na ndugu Justin tu. Nikatoka na kijiko changu cha chuma cha kugeuzia mikate. Nikagonga ya kwanza: ikaimba. Ya pili: ikaimba. Ya tatu: ikaimba. Ya nne, ndugu zangu, ikasema pu.

Moyoni nilirudi kule kwenye mawe ya Kailo.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii iko na ufa ndani."

Akaniambia, "Mama Safi, hii si chuma ya baisikeli ya wakati wenu. Hii ni aluminiamu. Angalia alama."

Nikamwambia, "Alama njo itabeba mjukuu wangu?"

Akageuka, akapiga simu, akacheka na mtu kwenye simu. Mzee Ramazani aliporudi nikamwambia naye. Akazigeuza akatazama nyuma. Akasema, "Justin, janti nzuri iko na namba nyuma, inasema itabeba uzito gani. Hizi ziko uso mtupu. Acha nikurudishie zile nyeusi, arusi ipite." Justin akakataa. Gari la arusi kwa janti nyeusi? Afadhali msiba!

Jioni ile gari likaletwa hapa, mbele ya mlango huu. Mnajua desturi yetu. Pikipiki mpya, cherehani mpya, gari jipya, vyote tunavileta, mchungaji anamimina mafuta, tunaimba. Na kitu kikisha kupakwa mafuta, hakikaguliwi tena. Fundi akikigusa tena tunasema amemdharau Mungu. Mafuta yakamiminwa juu ya zile janti nne, ninyi mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma. Nikajua, sasa nikisema neno, sishindani na Justin peke yake.

Nilisali. Sikusikia sauti. Sikuota ndoto. Nilimwona tu Safi na kile kitenge.

Jumamosi gari likaja kwenye lupango letu, uani kwetu, na riboni, na maua ya plastiki. Furaha akatoka amevaa nyeupe, mzuri mpaka macho yaliniuma. Nikachukua kile kiti changu cha kukaangia mikate, nikakiweka mlangoni mwa lupango, mbele ya gari, nikakaa. Nikasema, "Anayetaka kutoka na gari hili apite juu yangu. Furaha aende kwa pikipiki, kwa miguu, kwa mgongo wangu nikiweza. Humu haingii."

Mlikuwepo. Musijifanye hamkuwepo. Mmoja akasema, "Koko, arusi si ya kwako, yako ilipita." Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Anamuonea mutoto wivu wa bwana." Kisha sauti ya mwanamke, naijua ni ya nani na amekaa hapa, ikasema, "Mulozi! Mulozi anazuia ndoa mchana mbele ya watu!" Na hapo kicheko kikaisha.

Mchungaji alinishika mkono, akaniambia niinuke, gari limekwisha kuombewa. Nikamwambia, "Mchungaji, mafuta yako ni mazuri. Lakini hayazibi ufa."

Furaha alilia mpaka rangi ya macho ikashuka mashavuni. Akaniambia, "Koko, unaniaibisha. Sitakusamehe." Akavua viatu, akapanda pikipiki ya mjomba wake, gauni amelikunja magotini, akaenda kanisani hivyo. Hakunitazama. Mimi nikaondoa kiti.

Ndugu Justin kwa hasira akapanda gari peke yake, na riboni zake, akatoka mbio ili afike kanisani mbele ya pikipiki, watu wajue nani ameaibika. Pale barabara inapokatiza reli, janti ikapasuka. Vidole vyake vikakatika vyote kwa mara moja. Gari likageuka, likaangukia mtaroni kwa ule upande usio na mtu. Ndugu Justin alivunjika paja. Kile kiti cha pembeni, pale Furaha angekaa na gauni lake, kilibanwa kikawa chembamba kama biblia.

Nilifikiri mtasema, Asante Mungu! Hapana. Mlisema nimeivunja mimi. Mlisema mulozi aligonga janti kwa kijiko ili aifunge kwa uchawi. Mikate yangu haikununuliwa tena. Watoto walipita upande wa pili wa barabara. Hapa kanisani mtu akikaa benchi langu, akiniona anahama. Ndugu zangu, nilikuwa ninasali peke yangu kwenye benchi la watu sita! Furaha alikuja kuchukua nguo zake, akaninyoshea mkono bila neno, kama mtu anayesalimia mgeni.

Nilimuuliza Mungu: uliniokoa na nini? Nilipokuwa nanyamaza nilizika mtoto, na watu wakanipenda. Nilipopaza sauti nimeokoa mtoto, na watu wananitemea mate. Niliuliza hivyo kwa uchungu, na uchungu huo bado ninao, sitawadanganya.

Aliyenitafutia haki hakutoka katika kanisa hili. Ni Mzee Ramazani, Mwislamu. Alikwenda mtaroni akaokota vipande vya janti, akavitunza. Siku moja akawaita wazee wa kanisa pale kwado. Akachukua msumeno, akakata kipande mbele yao. Ndani kulikuwa na matundu, matundu, matundu, kama ndani ya mkate wangu ulioumuka vizuri. Akasema, "Wazee, huyu mulozi wenu aliingia ndani ya kiwanda akapuliza matundu haya lini?"

Mimi nikauliza, "Na zile tatu zilizoimba?" Akakata na moja ya hizo. Matundu vilevile! Madogo zaidi, lakini yapo. Akaniambia, "Mama Safi, hizo nazo zilikuwa zinangoja zamu yao. Kijiko chako kinasikia ufa. Hakisikii uongo wote." Hapo niliogopa kuliko siku ya arusi. Maana kama ile ya nne ingeimba, mimi mwenyewe ningemfungulia Furaha mlango apande. Basi musiniite nabii. Mimi ni muuza mikate aliyegonga na kusikiliza, na Mungu akamhurumia.

Wiki ile ile ndugu Justin akaja kwangu na magongo yake. Nilimpa mikate, akala miwili. Kisha akasema, "Mama, na mimi nilisikia." Nikamuuliza, umesikia nini? Akasema, "Ijumaa ile. Nilisikia ya nne haikuimba. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote ni nzuri." Akalia, mtu mzima, mwenye maduka mawili. Ndugu zangu, nilitaka kumpiga kwa kijiko! Halafu nikamwona mume wangu na majirani wanacheka, nikajiona mimi mwenyewe nimesimama pale na kidole juu ya janti, na mdomo umefungwa. Nikamwambia habari ya Safi. Yeye njo mtu wa kwanza kuisikia. Ninyi ni wa pili.

Huo njo wokovu wangu. Mungu hakunipa mali, hakunirudishia Safi, hata jina langu amelirudisha nusu tu, maana naona wengine bado mnavuta vitenge vyenu nikipita. Amenitoa katika kunyamaza. Basi.

Na Furaha? Juma lililopita alikuja sokoni nikiwa nanunua unga. Tumbo limeanza kuonekana. Alikuwa ameshika chungu kipya. Nilingoja anipite. Akasimama mbele yangu, akakinyosha kwa mikono miwili, akasema, "Koko, piga."

Nikatoa kijiko. Nikapiga huku, nikapiga huku, nikapiga chini. Kikaimba.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipa masikio kabla ya shule. Wewe uliyekaa hapo na kitu unakijua moyoni, umekisikia wazi, na unakificha kwa sababu watu watacheka, mtegemee yeye, simama, sema. Watakucheka. Watakuita jina baya. Mimi nimekaa peke yangu kwenye benchi la watu sita, na bado niko hai, na mjukuu wangu yuko hai.

Benchi lile bado lina nafasi tano. Anayetaka aje akae.